Jikoni na Shangazi: Mgebuka wangu unakuwa uji, wa jirani unakaa mzima

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni Mkenya, mzaliwa wa Mombasa, mume wangu kapata kazi huku Kigoma, mwaka wa pili sasa tunakaa Mwanga. Nimepata rafiki, mama jirani, Muha wa hapahapa, ndo ananifunza mapishi ya kwao, migebuka (wale samaki wa Ziwa Tanganyika) ya mawese, sombe yaani kisamvu, ugali wa muhogo. Sasa yeye hapimi kitu, nikimuuliza mawese kiasi gani anasema "tia mpaka uone yametosha." Nikiwa kwake naona rahisi tu, analoweka samaki kwenye maji ya vuguvugu, anakaanga kitunguu, nyanya, mara chakula tayari. Nikirudi kwangu, naamka alfajiri naenda soko la samaki la Kibirizi nachukua mgebuka freshi kabisa, mawese nayachemsha hasa mpaka yatoe moshi, natia samaki nakoroga, inakuwa uji wa miba na ile rangi nyekundu imepotea. Mume anasema bora nipike wa nazi. Naona haya kumrudia mara ya nne kwa kitu kilekile. Ama nimlipe anifundishe vizuri?
Mpwani wa Mwanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimecheka, maana jibu umeliandika mwenyewe halafu ukalipita. Jirani yako analoweka samaki kwenye maji ya vuguvugu. Nani analoweka samaki freshi? Huyo wake ni mkavu, amepigwa moshi, nyama imeshakaza, ndo maana anavumilia sufuria. Wewe umemchukua mbichi aliyetoka majini usiku uleule, mgebuka ni mrembamba na nyama yake laini, ukimkoroga na mwiko umemmaliza. Kwa hiyo kosa la kwanza hukulifanya jikoni, umelifanya sokoni, na hilo hakukwambia kwa sababu kwake halihitaji kusemwa, yeye toka mtoto anajua mkavu ni wa nini na mbichi ni wa nini. Siku nyingine usiende Kibirizi peke yako, mfuate yeye na kikapu chake uone anashika samaki gani, ananusa wapi, anamwacha yupi. Tena kuna siku za mbalamwezi wavuvi wanaovutia samaki kwa taa usiku hawapati kitu cha maana, samaki mbichi anakuwa adimu na bei inapanda, utamkuta anakwenda moja kwa moja kwa wakavu bila hata kugeuza shingo.

Ukitaka lazima mbichi, sawa, ila mkaange kidogo kwanza akaze au mbanike, rojo lako liive pembeni, umlaze juu yake mwishoni na ndimu, halafu mwiko weka chini kabisa. Shika sufuria masikio mawili uitikise, basi.

Mawese sasa. Hayo sio mafuta ya kukaangia viazi. Ule wekundu ndo hiyo karotini ambayo mwili unaigeuza vitamini A, na moto mkali unaiua, ndo maana yanabaki meupe. Weka moto wa kawaida, kitunguu kiingie mapema, subiri ile harufu ya ubichi ikate, ukiona moshi umechelewa. Wapo wanaoyapenda yameungua, ni midomo yao, mi siyataki.

Ugali wa muhogo hujauulizia ila nakuona unakokwenda. Usiupike muda mrefu kama sembe, unaiva haraka, songa kwa nguvu. Na unga nunua kwa mtu unayejua muhogo wake uliloweshwa siku kadhaa ukaanikwa vizuri, maana muhogo mchungu usioloweshwa una sumu kweli. Sombe vilevile, itwangwe, ichemke sana sufuria likiwa wazi ndo utie mawese, usifanye haraka eti mgeni amefika.

Kuhusu kumlipa, usithubutu kumpa noti mkononi, utamfanya ajione mpishi wako. Nenda na sukari, nenda na sabuni, au mpikie wewe huo wa nazi, huku nazi haipatikani kirahisi kama kwenu kwa hiyo ataona umemthamini. Na mara ya nne usimuulize kipimo tena. Mwambie, "dada leo mi ndo napika, wewe kaa kwenye kigoda." Mtu asiyepima hawezi kukutajia kiasi, ila akikuona unakosea hawezi kunyamaza, utasikia "aa aa, hapo hapo, acha!" Basi hapo angalia upawa wako umefika wapi, ndo kipimo chenyewe hicho.

SWALI: Shangazi, niko Tabora, nimeletewa dumu la mawese kwa treni kutoka Kigoma, chini yameganda mazito kama uji wa ulezi, juu mepesi. Yamechakachuliwa?

JIBU: Hapana mwanangu, hivyo ndo yalivyo, kukiwa na baridi sehemu moja inaganda inashuka chini. Weka dumu juani au kwenye beseni la maji moto, likishalainika litikise ndo umimine. Ukimimina yale ya juu tu kila siku, mwisho wa mwezi utabaki na zito tupu na utamlaumu bure aliyekuletea.