Maswali ya Wasomaji: Kuyazuru Mahekalu ya Kale ya Wakhmer

Tangu tuchapishe picha ya minara ya Angkor Wat, barua zimekuwa zikitufikia kutoka pande zote za magharibi mwa nchi zikiuliza kuhusu mahekalu ya Wakhmer, wenyeji wa Kambodia, yaliyo karibu na mji wa Siem Reap, kaskazini-magharibi mwa Kambodia. Nimechagua tano, nami ninazijibu kwa kutegemea siku sita nilizokaa huko, ambako nilitembea katika vumbi jekundu lisiloweza kumshangaza mtu wa Nakuru.

*Mimi ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa Kisumu. Mwezi wa Januari mimi na mke wangu tutakwenda Bangkok kumtembelea mwanetu, na tungependa kupitia Siem Reap kwa siku mbili pamoja na mjukuu wetu wa miaka 10. Wakala wa safari ameniambia kwamba mahekalu yote yanaweza kumalizwa kwa siku moja. Je, ni kweli? Na tutalipa kiasi gani?*

Mwalimu, heshima yako. Wakala huyo amekupa hesabu ya dereva. Gari linaweza kupita mbele ya malango makubwa yote kabla ya jua kutua, lakini hifadhi ya Angkor ina ukubwa wa kilomita za mraba 400 hivi, na ndani yake mna mabaki ya miji mikuu iliyofuatana kuanzia karne ya 9 hadi ya 15. Nimewaona wageni walioshushwa mahali kwa dakika 20, wakapiga picha langoni, wakarudishwa garini wakiwa hawajui wametoka hekalu gani.

Nianze na fedha. Tikiti ya siku moja ni dola 37 za Marekani, ya siku tatu ni dola 62, na ya siku saba ni dola 72. Bei hizo zilianza kutumika mwaka 2017. Tikiti mbili za siku moja zingekugharimu dola 74, kwa hiyo hata kwa siku zako mbili ni afadhali ununue ile ya siku tatu, ambayo hutumika wakati wowote ndani ya siku 10 na hailazimu siku zifuatane. Mjukuu wako hatalipa, kwa kuwa watoto walio chini ya miaka 12 huingia bure, ila ni lazima awe na pasipoti ya kuthibitisha umri wake. Tikiti haziuzwi kwenye milango ya mahekalu, bali katika kituo maalumu au kupitia mtandao, na kila moja hubeba picha ya mwenyewe, hivyo usikubali kununua iliyotumika kutoka kwa mtu barabarani. Dola mbili za kila tikiti hupelekwa kwa hospitali za watoto za Kantha Bopha.

Siku ya kwanza ningewashauri muanzie hekalu la Bayon, na hapa najua nitapingwa na wanaoamka usiku wa manane ili walione jua likichomoza nyuma ya Angkor Wat. Bayon ni kazi ya Jayavarman VII, mfalme aliyetawazwa mwaka 1181 baada ya kupigana na Wacham, watu wa sehemu ambayo leo ni Vietnam. Wageni wengi hupanda moja kwa moja juu kuzitazama nyuso kubwa za mawe, ambazo ni zaidi ya 200, zenye tabasamu la mtu anayejua jambo asilotaka kulisema. Mtaziona, lakini baadaye. Kwanza tembeeni chini, kando ya ukuta wa nje upande wa kusini, kwa maana humo mchongaji ameyaacha mambo ya wafalme akaingia sokoni: wanawake wanauza samaki, wapishi wanamtumbukiza nguruwe mzima katika sufuria kubwa, wanaume wamepiganisha majogoo huku watazamaji wakinyosha mikono kuweka dau, na mama mmoja anajifungua akiwa amezungukwa na wanawake wenzake. Mtu aliyekulia karibu na soko la Kibuye hahitaji kufasiriwa ukuta huo. Mahali fulani katika michongo hiyo ya nje kobe amemng'ata mtu makalio, na yule mtu amegeuka kwa uchungu. Sitasema ni wapi. Mpe mjukuu wako kazi ya kumtafuta.

Angkor Wat liachieni alasiri. Tofauti na mahekalu mengi ya Wakhmer ambayo hutazama mashariki, hili linatazama magharibi, na kwa sababu hiyo asubuhi minara yake huwa kivuli cheusi, ilhali kuanzia saa tisa mchana jua huupiga uso wake wote. Lilijengwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 12 na Suryavarman II kwa ajili ya Vishnu, mungu wa Wahindu, na minara yake mitano ni mfano wa mlima Meru, yaani mlima wa miungu wa Wahindu, wala si Meru yetu. Handaki la maji linalolizunguka lina upana wa mita 190 hivi. Muda mtakaotumia kulivuka kwa miguu utawaonyesha ukubwa wa jengo kuliko takwimu zangu. Ndani, katika ushoroba wa mashariki, kuna mchongo wa mita 49 ambamo miungu 88 na mashetani 92 wanamvuta nyoka mkubwa huku na huku ili kuisukasuka bahari ya maziwa, kama mchezo wa kuvuta kamba katika siku ya michezo shuleni, isipokuwa hapa zawadi ni maji ya uzima.

Ghorofa ya juu kabisa, iitwayo Bakan, hairuhusu watoto walio chini ya miaka 12, kwa hiyo mtapanda kwa zamu wewe na mama, mmoja akibaki na mtoto. Ngazi ni kali sana, ingawa zimewekewa za mbao zenye vishikio. Siku takatifu za Kibudha, ambazo huja mara nne hivi kwa mwezi, sehemu hiyo hufungwa.

Siku ya pili nendeni Ta Prohm mara tu linapofunguliwa, saa moja na nusu asubuhi. Hili ndilo hekalu ambalo mizizi ya miti imelikumbatia, na Jayavarman VII aliliweka wakfu mwaka 1186 kwa heshima ya mama yake. Maandishi yaliyochongwa humo yanasema kwamba watu 12,640 waliishi ndani ya kuta zake. Ukisimama pale kabla makundi hayajafika, ukaitazama mizizi minene kama kiwiliwili cha ng'ombe ikiteremka juu ya paa, utaelewa kwa nini mafundi wanasitasita: mti ukikatwa ukuta huanguka, na ukiachwa hukua na kuubomoa.

*Mimi ni Mkristo, mama wa nyumbani kutoka Kakamega. Je, ninaweza kuingia bila kushiriki ibada? Na nivae nini?*

Dada yangu, hakuna atakayekuuliza dini yako wala kukutaka usujudu. Angkor Wat ni mahali pa ibada ya Kibudha hadi leo, kwa hiyo utawakuta watu wakichoma ubani na watawa wenye mavazi ya rangi ya machungwa. Usimguse mtawa, kwa sababu mwanamke haruhusiwi kufanya hivyo, na umwombe ruhusa kabla ya kumpiga picha. Vaa sketi au suruali inayopita magoti na blauzi yenye mikono. Leso ya kujitanda juu ya vazi lisilo na mikono mara nyingi haikubaliwi na walinzi wa Bakan. Mimi mwenyewe niligeuzwa nikiwa nimepanga foleni kwa zaidi ya nusu saa, kwa ajili ya kaptula iliyoishia juu ya magoti, nikarudi hotelini kubadilisha huku dereva wa tuktuk akijizuia kucheka.

*Mimi ni mwanafunzi hapa Nakuru. Nimesoma mahali fulani kwamba Angkor ilipotea msituni hadi Mfaransa Henri Mouhot alipoigundua mwaka 1860. Ilipoteaje?*

Haikupotea. Mouhot aliigundua Angkor kwa namna ileile ambayo Mwingereza Speke aliligundua ziwa letu la Victoria mwaka 1858, wakati wavuvi walikuwa wamelala ufuoni wakisubiri alfajiri ili watoe mitumbwi yao. Watawa hawakuwahi kuliacha Angkor Wat, na juu ya nguzo mojawapo kuna maandishi ya wino yaliyoachwa na hujaji kutoka Japani mwaka 1632. Kabla ya hapo, mjumbe wa Uchina aitwaye Zhou Daguan aliishi mjini humo mwaka 1296 na 1297, akaandika kwamba biashara ya sokoni ilikuwa mikononi mwa wanawake.

Swali lililo na uzito ni kwa nini wafalme waliondoka. Milki ya Wakhmer huhesabiwa kuanzia mwaka 802, Jayavarman II alipojitangaza kuwa mfalme wa wafalme katika mlima Kulen, na nguvu zake zilitokana na maji. Wakhmer walichimba mifereji na mabwawa ya kuhifadhi mvua kwa ajili ya mpunga. Bwawa la magharibi lina urefu wa kilomita 8 na upana wa kilomita 2, na lingali na maji. Pete za miti mizee ya ukanda huo zinaonyesha kwamba katika karne ya 14 na mwanzoni mwa karne ya 15 kulikuwa na ukame wa miaka mingi uliokatizwa na mvua za gharika, na mifereji iliyojengwa kwa ajili ya mvua za wastani iliharibika. Mwaka 1431 jeshi la Ayutthaya, lililotoka sehemu ambayo sasa ni Thailand, liliuteka mji, na makao ya wafalme yakahamia kusini, karibu na Phnom Penh ya leo. Walioondoka ni wafalme na wakuu wao. Wakulima walibaki wakilima.

*Mimi ni mfanyabiashara wa Busia, mzoefu wa mipaka. Nikifika Bangkok kwa ndege, siwezi kuingia Kambodia kwa basi ili nipunguze gharama?*

Bwana mkubwa, zamani ningekuambia upande basi bila wasiwasi. Hata hivyo, mwaka 2025 mapigano yalizuka kati ya Thailand na Kambodia, na vivuko vya nchi kavu vikafungwa, kwa hiyo usikate tikiti ya basi kabla ya kuthibitisha hali ilivyo wiki hiyo. Kwa sababu hiyohiyo liache kando hekalu la Preah Vihear, ambalo liko ukingoni mwa mpaka wenyewe. Usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Kambodia hukidai kwa wasafiri wanaotoka nchi kama yetu.

*Mimi ni mchongaji wa mawe kutoka Tabaka, Kisii. Nataka kujua walivyochonga na kuyaunganisha mawe, na hekalu gani linanifaa zaidi mtu wa kazi yangu.*

Fundi, barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Kuta za ndani na misingi mara nyingi ni laterati, jiwe jekundu lenye matundu ambalo ni ndugu wa murramu wa barabara zetu. Nje wakaweka jiwe la mchanga lililotoka mlima Kulen, kilomita 40 hivi kutoka Angkor. Utaona matundu ya mviringo katika mawe mengi, na kiongozi asiye makini atakuambia ni ya risasi. Ni matundu ya vigingi: walipigilia mbao, wakafunga kamba, wakaliinua jiwe na kulisugua juu ya mwenzake hadi likakaa bila nafasi. Kwa jumla hawakutumia chokaa ya kuunganishia. Ukipitia Thimlich Ohinga kule Migori utaona kuta nyingine zinazosimama bila chokaa, ingawa kule mawe hayakuchongwa bali yalipangwa na kubanana kwa ustadi. Udhaifu wa Wakhmer ulikuwa kwenye paa. Walisogeza kila safu ya mawe mbele kidogo ya iliyo chini yake hadi pande mbili zikakutana, badala ya kujenga tao lenye jiwe la kufungia kileleni, na ndiyo sababu shoroba zao ni nyembamba kiasi kile na nyingi zimeporomoka.

Hekalu lako ni Banteay Srei, lililowekwa wakfu mwaka 967. Halikujengwa na mfalme bali na mshauri wa mfalme aitwaye Yajnavaraha, na ni dogo hata mtu huinama ili kuona ndani ya milango yake. Jiwe lake lina rangi ya waridi na chembe laini sana, na mchongaji ameingia ndani yake kama seremala anayechonga mlango wa Lamu: majani yamejikunja nyuma ya majani mengine, na kati yake kuna nafasi ambayo patasi yako ndogo kabisa ingeingia kwa shida. Mwaka 1923 André Malraux, aliyekuja baadaye kuwa waziri wa utamaduni wa Ufaransa, alibandua sanamu humo akakamatwa nazo. Nenda asubuhi, jua likiwa upande wa lango, usimame mbele ya jengo dogo la kusini liitwalo maktaba, utazame juu ya mlango. Kugusa kumekatazwa, nami najua kwamba hilo litakuwa gumu kwako kuliko safari yenyewe.