Kununua dola na kusubiri bei ipande: je, ni riba?

Dada mmoja wa Mombasa ameuliza: mumewe yuko Qatar kikazi, na yeye anaweka akiba ya karo. Dalali amempokea shilingi 130,000 na kumwandikia kikaratasi kwamba mwisho wa mwezi atampa dola 1,000. Jirani amemwambia kuwa kuweka dola ni haramu, naye dalali anashikilia kwamba noti ni karatasi tu, haina riba. Tangu hapo hana usingizi.

Dada yangu, Mwenyezi Mungu akulipe kwa kuuliza kabla tarehe haijafika. Kununua dola na kuziweka ukitaraji thamani yake ipande kunajuzu. Jirani amechanganya akiba ya mtu na ule ulimbikizaji uliokatazwa, ambao ni kuwafungia watu bidhaa wanayoihitaji mpaka wadhikike.

La dalali ndilo linalonitia uchungu, kwa sababu limewateka wengi. Kama noti ni karatasi tu, basi anayekopesha 1,000 akadai 1,200 hana kosa, na mwenye mamilioni benki hadaiwi zaka, kwani karatasi haina zaka. Mbona dalali huyu hakubali kulipwa kwa karatasi nyingine yoyote ila hiyo? Watu wanauziana kwa noti, wanatoa mahari kwa noti na wanalipana dia, yaani fidia ya damu, kwa noti. Noti imeshika nafasi ya dinari na dirhamu, sarafu za kale za dhahabu na fedha, na hukumu yake ni hiyo hiyo. Ndivyo lilivyoamua Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Amman mwaka 1986. Naye Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Ubada bin Samit aliyoipokea Imamu Muslim, baada ya kutaja dhahabu na madini ya fedha na vinginevyo, alisema kwamba aina zikitofautiana tuuze tutakavyo, maadamu ni mkono kwa mkono. Shilingi na dola ni aina mbili, kwa hiyo bei ni mapatano yenu, lakini hamwachani mpaka kila mmoja amepokea chake. Dola zikiingizwa katika akaunti yako papo hapo, huko nako ni kupokea. Kikaratasi cha mwisho wa mwezi si kupokea. Ni riba ya kuchelewesha, hata kama bei haikuongezwa senti.

Nakuomba pia uitazame hiyo karo. Januari 2024 dola ilifika kama shilingi 160, na watu waliuza mpaka vito vya harusi ili wanunue. Februari serikali ikapata mkopo mpya wa kulipia deni la dola lililokuwa likikaribia, na kabla Machi kwisha dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 132. Aliyenunua dola 1,000 alipungukiwa na shilingi 28,000 hivi, na shule haikumsubiri. Karo ya muhula huu ibaki shilingi; kinachozidi ndicho ununulie dola. Akiba ikifikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na kupitiwa na mwaka, itolee zaka asilimia 2.5 kwa bei ya siku hiyo.

Sasa nenda kwa dalali pamoja na kaka yako awe shahidi, mkivunje kikaratasi hicho, na udai shilingi zako 130,000, si zaidi wala pungufu. Akisema amezitumia, basi ni deni la shilingi, wala asikulipe kwa dola isipokuwa kwa bei ya siku anayokulipa na ukazipokea hapo hapo, kama sahaba Ibn Umar alivyoruhusiwa na Mtume (S.A.W.) alipokuwa akiuza ngamia kwa dinari na kuchukua dirhamu.