Mkuu, hiyo Fuso usiilipie

Kama bado hujamtumia dereva advansi, acha kwanza. Nimesoma swali lako lote: una milioni 9, umepata banda la kukodi Mtwara mjini, unataka kusomba mabibo (yale matunda ya mkorosho) na maganda ya korosho kutoka Newala na Tandahimba, usage, uuze mbolea na chakula cha mifugo. Unauliza ununue mashine gani, soko liko wapi, vibali vikoje. Mashine iache. Mpango huohuo niliufanya mimi na mpaka leo unaniuma.

Bibo ni maji, kama asilimia 85. Ukipakia tani 3 pale Newala, tani 2 na nusu ni maji, na unayatoa kwenye uwanda wa Makonde ambako watu wanahangaikia maji ya ndoo! Umeliona hilo?

Safari yangu ya kwanza tulizunguka vijiji vinne, maana kijiji kimoja hakijazi gari kwa siku. Mpaka jioni, ya asubuhi yalikuwa yamepondeka chini ya wenzake. Njiani maji yakawa yanachuruzika kwenye bodi. Tulipofungua turubai usiku, joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria, harufu ni ya uraka mtupu, ile pombe ya mabibo. Nikazamisha mkono: uji wa njano wenye mchanga. Mashine ya kusagia iliziba kabla hatujamaliza ndoo ya tatu. Asubuhi nzi wamejaa, majirani wamemleta mwenyekiti wa mtaa.

Utauliza kwa nini sikuacha hapo. Kwa sababu mtaalamu mmoja aliyetufundisha kwenye semina aliniambia tatizo ni kasi, niongeze safari. Ndiye aliyetuchorea ubaoni kiwanda kimoja kikubwa katikati na mishale inayotoka kila wilaya. Baadaye nikajua mashine ile alikuwa anaiuza yeye. Mtu anakula hela ya mkulima huku anamwita "mwekezaji"! Nilikwenda safari 11, kila moja 320,000. Hiyo ni 3,520,000 ya mafuta na dereva tu. Banda, wapakiaji na mashine sijaweka. Na asinicheke mtu hapa, mchoro ule ukiuona ubaoni unavutia kweli.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa Newala niliyekuwa nanunua mabibo kwake. Aliniangalia tukipakia, akasema, "Mwanangu, mbona unasomba maji? Sisi kochoko tunaanika hapahapa." Kochoko, yaani mabibo makavu! Nimekua naziona kwenye majamvi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini bibi zetu hawabebi mabibo mabichi kwenda mbali.

Kwa hiyo shika hili moja: taka ichakatwe kijijini inakotoka, kinachopanda gari kiwe kikavu. Sasa tuna vituo vitatu vidogo, kila kimoja kinapokea kutoka mashamba yanayofikika kwa baiskeli au mkokoteni. Mbaazi zikishavunwa tunawaomba watu wasichome mabua, tunayarundika chini ya paa. Mabibo yakianza Oktoba, tunapanga tabaka la mabua yaliyokatwakatwa, tabaka la mabibo, samadi ya mbuzi juu yake, tunarudia. Maji ya bibo ndiyo yanayolowesha lundo, ya kununua hatuyahitaji. Kamata konzi moja uikamue: yakitoka matone mawili matatu ni sawa, yakichuruzika ongeza mabua. Siku ya nne chomeka fimbo katikati, iache kidogo, uichomoe. Ikikuunguza kiganja, lundo linafanya kazi. Ligeuze, na mvua za Desemba zisilikute wazi.

Mabibo ya chakula cha mifugo yakamue kwanza, makapi uyaanike kwenye turubai mpaka yavunjike ukiyakunja, ndipo usage. Tani moja ya mabibo haina zaidi ya kama kilo 150 kavu, na ukiyakamua zinapungua tena. Hizo kilo chache kavu ndizo zinazostahili nauli, na kirikuu inazibeba bila shida.

Maganda ya korosho usiyachanganye humo kabisa. Mafuta yake yanababua ngozi na yanazuia vijidudu vinavyoozesha. Lundo langu moja lenye maganda lilikaa limepoa wiki nzima, na kijana aliyeligeuza bila glovu viganja vilimbambuka. Nilimtibia, lakini nilipaswa kujua kabla.

Vibali: mbolea ya kuuza inapitia TFRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mbolea, anzia huko. Mengine waulize wenzangu.

Ila dereva mpigie sasa hivi, mwambie kesho asije. Na nauli uliyomtengea, nunua maturubai.