Kuondoa Uvundo Katika Vifaa vya Michezo Bila Kuviharibu

Kwa miaka mingi nimekuwa mtunza vifaa wa timu ya vijana hapa Kigoma mjini, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote halihusu mbinu za mpira bali harufu. Njumu zinanuka, glavu za kipa zinanuka, na begi la jezi likifunguliwa watu hugeuza nyuso. Wengi huwa wamekwisha kununua manukato ya kupuliza kabla ya kuniuliza, na hizo ni fedha zilizopotea, kwa sababu baada ya mazoezi mawili hivi uvundo hurudi ukiwa umechanganyika na harufu ya waridi, jambo ambalo kwa maoni yangu ni baya zaidi.

Jasho linapotoka mwilini huwa karibu halina harufu. Harufu huja pale bakteria wanapolila jasho hilo pamoja na chembe za ngozi iliyokufa na kuacha asidi zinazonuka. Kifaa kikikaa na unyevu kwa siku kadhaa, kuvu nao huota na kuongeza ule uvundo wa stoo isiyofunguliwa. Bakteria na kuvu wote huhitaji unyevu ili waishi, kwa hiyo kazi kubwa ni kukausha, na dawa nyingine zote ni nyongeza tu. Kwetu kazi hiyo ni ngumu kuanzia mwezi wa Novemba hadi Aprili, wakati mvua zinapofuatana na nguo kushinda kambani bila kukauka.

Tuanze na jezi na soksi, ambazo ndizo rahisi. Jezi nyingi siku hizi ni za poliesta, kitambaa kinachoshika mafuta ya mwili na harufu kuliko pamba, na ndiyo maana jezi iliyofuliwa vizuri inaweza kuanza kunuka tena mara tu mchezaji anapopata joto. Hapa maji yetu nayo yana mchango wake. Maji ya Ziwa Tanganyika yana chumvichumvi za magnesiamu, kwa hiyo sabuni ya mche, zikiwamo zile zinazotengenezwa kwa mawese hapa hapa mkoani, huacha utando usiosuuzika kwa urahisi, na utando huo hushikilia uchafu ndani ya nyuzi. Mimi hupendelea sabuni ya unga au ya maji kwa kiasi kidogo. Jezi ikiwa imeshika uvundo, iloweke kwa nusu saa katika kikombe kimoja cha siki nyeupe na vikombe vinne vya maji ya baridi kabla ya kuifua. Usitumie vilainisha nguo, kwani huziba uwezo wa kitambaa wa kupitisha jasho, na usitumie maji ya moto, kwa sababu namba za mgongoni zitabanduka. Jiki huharibu rangi na lastiki. Zaidi ya hayo, ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini yenye sumu, kwa hiyo vitu hivyo viwili visiwekwe kamwe katika beseni moja.

Njumu zinahitaji uangalifu zaidi, hasa za ngozi na zile za mtumba tunazochagua pale Mwanga hapa mjini, ambazo mara nyingi huwa zimekaa muda mrefu ndani ya marobota. Fungua kamba zote, vuta ulimi wa kiatu mbele, kisha toa soli ya ndani, kwa maana hiyo ndiyo inayonuka kuliko sehemu nyingine yoyote. Ukiigeuza, mara nyingi utakuta doa jeusi chini ya vidole na kisigino, na pengine vumbi jeupe la kuvu pembeni. Vumbi hilo lipigwe brashi nje ya nyumba, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, kisha mahali pake pafutwe kwa kitambaa chenye siki iliyozimuliwa. Ndani ya kiatu fanya vivyo hivyo, lakini usikitumbukize kiatu kizima katika beseni, kwa sababu maji hulegeza gundi na kuingia katika sponji ambayo itachukua siku nyingi kukauka.

Baada ya hapo jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa na uyabadilishe kila yanapolowa. Kiatu kikishakauka, vijiko viwili vya baikaboneti (ile soda ya unga ya kuokea) vilivyofungwa ndani ya soksi kuukuu na kulazwa humo usiku kucha vitapunguza harufu iliyobaki, kwa kuwa baikaboneti huziondolea nguvu zile asidi. Usiweke magadi badala yake. Magadi ni makali mno, nayo hukausha ngozi mpaka ikapasuka. Mkaa uliofungwa kwenye kitambaa husaidia kidogo, lakini si kwa kiwango ambacho watu husimulia. Wapo pia wanaopaka ngozi mawese ili ilainike; mafuta hayo hutia rangi, kisha huchacha na kuleta harufu mpya, hivyo afadhali dawa ya kawaida ya viatu.

Kuhusu jua, nalisifu na kulionya kwa pamoja. Jezi na soksi ziachwe juani bila wasiwasi, kwani mwanga mkali huua vijidudu vingi, ingawa rangi hupauka zikisahaulika huko. Ngozi hukakamaa juani na gundi huachia, na bati la paa liwakalo saa saba mchana ni adui zaidi ya jua lenyewe. Viatu vianikwe kivulini penye upepo. Hapa mjini upepo wa ziwani hufanya kazi nzuri bila gharama.

Glavu za kipa ndizo dhaifu kuliko vyote. Kiganja chake ni cha lateksi, ambayo huliwa na jua, mafuta na dawa kali, na siki siipaki pale. Zivae mikononi kama unanawa, kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini kidogo, usugue taratibu mpaka maji yatoke meupe. Usizikamue kwa kuzisokota. Zibonyeze kuanzia vidoleni kuelekea kwenye mkono, kisha zitundike kivulini viganja visigusane, maana vikikauka vimegandana hubanduka ngozi ya juu.

Vikinga ugoko vioshwe kwa sabuni na kukaushwa, havina usumbufu. Begi lenyewe lipinduliwe ndani nje na kuoshwa pia, kwa sababu vifaa safi vikirudishwa katika begi linalonuka, kazi yote inaanza upya. Soli ya ndani ambayo bado inanuka baada ya hatua hizi itupwe. Fundi viatu atakukatia nyingine kwa bei ndogo, mradi umpelekee ile ya zamani kama kipimo.