Shangazi, binamu yangu anafuta maneno yangu

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, naishi Tanga. Mimi na binamu yangu, mtoto wa mjomba, tunatengeneza katuni ya watu wazima. Ni hadithi ya mama muuza samaki aliyechukua mkopo wa kausha damu bila mumewe kujua, mpaka ndoa ikaanza kutikisika. Mimi naandika, yeye anachora, tunauza sura moja moja kwa WhatsApp. Sura mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Ya tatu nimekuta amefuta karibu nusu ya maneno yangu bila kuniambia, anasema katuni si riwaya. Halafu ule ugomvi wa usiku, niliouandika kwa uchungu, kauchora kurasa mbili mama wa watu yuko nusu uchi. Nikimuuliza anajibu, 'Si tumesema ya watu wazima?' Wasomaji wengine wamesifu, wengine wamejitoa kwenye kundi. Sitaki kuvunja undugu, ila natamani kutafuta mchoraji mwingine. Nimekuambatanishia ukurasa mmoja uone. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Mchoraji mwingine usimtafute kwanza. Umeleta malalamiko mawili ukayafunga fundo moja, na mimi nayaona ni vitu viwili kabisa. Kwenye maneno, binamu yako ana haki kwa sehemu kubwa. Kwenye picha za chumbani, haki yote ni yako. Alichokosea kotekote ni kufanya kimyakimya.

Nimesoma ukurasa wako. Fremu ya kwanza, yaani kisanduku cha kwanza cha picha, umeandika: "Mama aliingia chumbani, akaketi mkekani, akaanza kuhesabu noti huku mikono ikimtetemeka kwa hofu." Chini yake kuna mama, mkeka, noti na mikono inayotetemeka. Mikono hiyo kaichora vizuri sana, mwanangu, na sentensi yako imeiziba. Msomaji anaambiwa jambo ambalo tayari ameliona, kwa hiyo anajifunza kuruka maandishi, na akishajifunza hivyo ataruka hata pale ulipoweka roho ya hadithi. Ningefuta sentensi yote nikabakiza yale anayosema mama mwenyewe tu: "Kesho wanakuja saa mbili." Picha haiwezi kusema saa mbili.

Wewe ni mtu wa Tanga, kanga unazijua. Katikati kuna korosho au tausi, na jina chini yake linampiga kijembe jirani mwenye wivu. Jina halielezi korosho, wala korosho haichori wivu, lakini anayevaa na anayesoma wote wanaelewa kwamba maneno yale na picha ile vimetoka nyumba moja. Hivyo ndivyo ninavyotaka ukurasa wako usomeke.

Kama unapenda vipimo, kipo kimoja kinachotajwa sana, cha Mort Weisinger, aliyehariri katuni za Superman kule Marekani miaka mingi: ukurasa wa fremu 6 usizidi maneno 35 kwa fremu, yaani 210 kwa ukurasa, na puto moja, kile kiduara cha maneno ya mhusika, likifika maneno 25 limeshajaa. Kwetu mimi ningeshuka mpaka karibu nusu ya hapo. Kitenzi chetu kimoja kinabeba mtenda, mtendewa na wakati wake, na kwa urefu huo hakikatiki vizuri ndani ya puto jembamba. Tena msomaji wako yuko kwenye daladala na kioo cha simu kilichopasuka. Herufi zikiwa ndogo hatakuza, ataacha.

Lakini usimwachie binamu yako afute kila kitu, maana kuna vitu penseli haiviwezi. Hesabu ya mkopo ni kimojawapo. Tuseme mama kachukua 200,000, anarejesha 10,000 kila siku kwa siku 26, jumla 260,000, na siku ambayo samaki hawakununuliwa anaongezewa faini. Hiyo lazima iandikwe, tena kwa tarakimu, kwa sababu hapo ndipo msomaji anapohisi shingo inabanwa. Aliyefuta tarakimu kafuta hadithi.

Kingine ni uongo, na hapa ndipo ninapotaka mkae sana wewe na yeye. Hadithi ya watu wazima ni hadithi ya watu wanaoficha. Mume anauliza, "Mbona hulali?" Mama anajibu, "Nimechoka tu." Puto linasema amechoka, picha inaonyesha mkono wake ukisukuma kadi ya marejesho chini ya godoro. Msomaji ameshikwa katikati: anajua asichokijua mume, na anamwonea mama huruma hata akijua anadanganya. Riwaya ingehitaji aya nzima kufika hapo, na picha bila neno isingefika kabisa. Kila mnapopanga ukurasa mtafute pale mdomo unaposema hivi na mwili unasema vile. Mkipapata, acheni maneno manne tu, na fremu inayofuata iwe kimya.

Sasa chumbani.

Nimekusoma mara mbili nihakikishe hulalamiki kwa sababu ya kuona haya tu. Si kuona haya. Mama yule usiku ule anaulizwa fedha za ada ziko wapi, na ndoa yake iko hatarini. Binamu yako kamvua nguo, na jicho la msomaji likahama kutoka kwenye deni likaenda kwenye paja. Yale maputo uliyoyaandika kwa uchungu, niamini, wengi hawakuyasoma. Aliyekuwa mtu kwenye sura mbili za kwanza kageuzwa pambo kwenye ya tatu. Sishangai walioondoka, na nadhani wengi wao ni wanawake waliojiona ndani ya yule mama.

Sisemi mwili usichorwe. Mume na mke wana chumba, na katuni ya watu wazima inayoogopa chumba itakuwa ya uongo. Kinachotakiwa ni kwamba mwili unapoonekana uwe umebeba kitu cha hadithi. Mwambie achore fundo la kanga. Mama anafunga marejesho ya kesho kwenye pindo, anajifunika kanga hiyo hiyo kulala, na mkono wa mume unapomgusa unakutana na fundo gumu la noti. Fremu moja ya vidole vyake vimesimama pale, fremu moja ya macho ya mama gizani. Hapo pana ndoa, pana mapenzi, pana usaliti, na hakuna aliyebaki uchi. Mtu mzima anayesoma ataelewa vilivyo.

Na kuna sheria pia, msiichezee. Tanzania ina Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020, na picha za ngono haziruhusiwi. Mnauza kwa WhatsApp, na simu ya mama nyumbani ndiyo anayochezea mtoto.

Kuhusu namna ya kufanya kazi, mvutano wenu umewakuta wakubwa. Miaka ya 1950, katika kampuni ya katuni ya EC ya New York, mwandishi Al Feldstein aliandika hadithi moja kwa moja kwenye karatasi ya kuchorea. Herufi zilitangulia, mchoraji akapewa nafasi iliyobaki. Miaka ya 1960, pale Marvel, kampuni nyingine ya katuni, mwandishi Stan Lee alikuwa akitoa muhtasari tu, wakati mwingine kwa mdomo, Jack Kirby au Steve Ditko akachora ukurasa mzima, ndipo maneno yakajazwa. Njia ya kwanza ilizaa kurasa zilizosongwa na maandishi. Ya pili ilizaa picha zenye nguvu ajabu, na pia ugomvi wa nani hasa aliyetunga. Warithi wa Kirby walimalizana na Marvel kesi ya haki za kazi zake mwaka 2014, yeye mwenyewe akiwa amefariki miaka 20 nyuma. Wewe umekuwa ukifanya kazi kama Feldstein, na binamu yako kahamia kimyakimya kwa Lee na Kirby. Mmoja hajui kwamba mwenzake kabadili utaratibu, na hapo lazima mgombane.

Kaeni meza moja kabla hajachora chochote kikubwa. Achore kila ukurasa kwa penseli, mdogo kama sanduku la kiberiti, na maputo ayaweke hapo hapo, anayetangulia kusema awe kushoto. Puto lisilopata nafasi kwenye kiberiti, wewe mwenyewe ndiye unayelipunguza. Hilo ni gumu, najua, lakini mkasi ukiwa mkononi mwako hutalia kama unavyolia sasa. Na wewe uwe na haki ya kusema "fremu hii haihitajiki" kabla hajaimaliza kwa wino. Kumwambia baada ya usiku tatu za kazi ni ukatili.

Ninyi ni mabinamu, na utani mmezoea. Nahofia hata malalamiko yako umeyatoa kwa utani, naye kajibu kwa utani, mkacheka, kila mtu akaondoka na donge lake. Safari hii mwambie una jambo zito. Anza kwa kumsifia ile mikono inayotetemeka, maana inastahili, na umkubalie wazi kwamba maneno yalizidi. Kisha mwombe achore upya zile kurasa mbili za ugomvi na mzitume tena kwenye kundi mkiwa na neno fupi la kuwaomba radhi wasomaji.

Yaandikeni pia makubaliano: mapato mnagawana vipi, nani ana haki gani kwenye hadithi na michoro, na kwamba hakuna anayegusa sehemu ya mwenzake bila kumwambia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda nyote wawili, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, mnaweza kwenda kusajili kazi. Fanyeni mapema, wakati bado mnakula sahani moja.

Akikubali kuchora upya, sura ya nne mpange pamoja tangu penseli ya kwanza. Akikataa, akasema mwili wa yule mama ndio unaouza na hatabadili, hapo mchukue kwa neno lake: hadithi yako uondoke nayo, michoro yake abaki nayo, mgawane kilichopatikana mpaka sura ya tatu, na kwa mjomba muendelee kwenda pamoja kama kawaida.