Re: Maboza ya majitaka yanachafua bwawa letu Bagamoyo, tufanyeje?

Mkuu, umeuliza kwa nini bwawa lenu la kwanza la kusafishia majitaka linanuka mayai viza kila Jumatatu, siku ambayo maboza ya hotelini yanakuja kwa mpigo. Mimi nipo Tanga, kazi ya kupokea maboza nimeifanya muda mrefu, kwa hiyo naongea nilichokiona.

Acheni kuhesabu maboza, angalieni kilichomo ndani. Majitaka ya kwenye bomba BOD yake (kipimo cha oksijeni ambayo bakteria wanahitaji kuula uchafu huo) mara nyingi ni 200 hadi 400 mg kwa lita, ya septiki 5,000 inafika bila shida. Sasa boza la lita 10,000 hapo limebeba kilo 50 za BOD, ni uchafu wa watu kama 1,000 kwa siku nzima, halafu dereva anaumwaga wote dakika chache tu maana ana haraka ya tripu nyingine. Bakteria wa bwawa hawawezi mshtuko huo jamani. Na vyoo vya stendi na sokoni ni vibaya zaidi, mavi bado mabichi, amonia iko juu sana, ikifika bwawa la pili mwani unakufa na ile rangi ya kijani inapotea kabisa.

Dawa kubwa ni tanki la kupokelea. Jengeni hata la zege la kawaida, liwe na chujio la nondo mbele (pampers, pedi na nywele za bandia zitawaziba pampu, hilo halikwepeki), maboza yamwage humo, halafu nyie mnaachia kidogo kidogo usiku na mchana mpaka Alhamisi huko. Bwawa linataka kula kila siku, sio kushiba Jumatatu na kufunga wiki nzima.

Kingine ni ndoo. Dereva akifika, kabla hajafunga hozi, afungue vali kidogo ujaze ndoo uangalie na upime pH (kipimo cha asidi, ikiwa chini sana ni asidi kali). Kahawia au nyeusi yenye harufu ya choo ni kawaida. Ukiona mafuta yanaelea, ukisikia harufu ya dizeli, au pH iko chini ya 6 au juu ya 9, gari likae pembeni kwanza. Kuna boza liliandikwa choo cha nyumbani, ndoo ikatoka nyeupe inanuka maziwa yaliyochacha, pH haifiki 5, kumbe limetoka kiwandani. Lile lingeingia, bakteria wanaogeuza uchafu kuwa gesi wangekufa na bwawa zima lingechacha.

Ila msikatae tu halafu basi! Dereva ukimfukuza anaenda kumwaga mikokoni usiku, na huko ndo watu wanaokota kaa na kuvua kamba, inauma sana. Mpeni sehemu maalum ya kumwaga na bei yake, na kiwanda kiandikiwe kirekebishe asidi kwanza huko huko kabla ya kupakia. Bei ya choo cha kawaida iwe ndogo kabisa, ikipanda tu mikoko ndo inalipa.

Masika nayo mjipange, huku pwani maji ya ardhini yapo juu, mashimo yanajaa, maboza yanaongezeka lakini yamebeba maji matupu. Kiangazi yanapungua, ila ni tope zito.

Tuambie bwawa la kwanza lina kina gani na tope liliondolewa lini mara ya mwisho, maana kama limejaa tope nusu, hata tanki likijengwa harufu itabaki pale pale.