Msaidizi wa msimbo anayesahau kila asubuhi

Swali: Habari za kazi, kaka. Natengeneza mfumo wa mikopo wa SACCOS kwa Laravel (kiunzi cha kutengenezea programu za wavuti), nikisaidiwa na Claude Code, msaidizi wa AI wa kuandika msimbo. Kila nikifungua mazungumzo mapya inabidi nimweleze upya: pesa zetu ni namba kamili, kwa sababu mwanzoni tulitumia float (namba za desimali ambazo kompyuta huzikadiria) na jumla ya marejesho ikakataa kulingana na salio, simu ni maandishi, kwa sababu zilipokuwa namba sifuri ya mwanzo ilipotea. Jana kaandika float tena. Nasikia kuna zana za kuhifadhi maelezo zinazompa kumbukumbu ya kudumu. Nikiiweka, atajifunza mradi wangu? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Salama, mdogo wangu. Nianze na hilo neno "atajifunza", maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Hajifunzi. Modeli unayoitumia, yaani AI iliyo ndani ya msaidizi huyo, ilishafunzwa kabla hujaifungua, na mazungumzo yenu hayabadilishi kitu ndani yake. Anachojua kuhusu SACCOS yenu ni maandishi yaliyo mbele yake wakati huo: maneno yako, faili alizofungua, majibu ya amri alizoendesha. Nafasi hiyo ina mpaka na hupimwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno. Modeli nyingi za Claude zimekuwa na 200,000. Mazungumzo mapya yakianza, yale ya jana hayapo tena mbele yake.

Kwa hiyo zana hizo hufanya kazi moja: kuandika maelezo kwenye diski, kisha kuyarudisha mbele yake. Zinatofautiana katika nani anaandika na yanarudi vipi. Iliyo rahisi kuliko zote unayo tayari, ni faili ya CLAUDE.md kwenye folda kuu ya mradi. Claude Code huisoma kila unapoanza, bila kuambiwa. Wasaidizi wengine husoma AGENTS.md, na Cursor, kihariri cha msimbo chenye AI, ina folda yake ya kanuni. Kisha kuna zana zinazounganishwa kwa MCP, itifaki ya kumuunganisha msaidizi na zana za nje, ambayo Anthropic, wenye Claude, waliitangaza Novemba 2024. Katika seva zake za mfano imo moja iitwayo Memory, ambamo msaidizi mwenyewe huandika vitu, mahusiano yake na taarifa zake, kisha huvitafuta baadaye. Inavutia, ila asipokwenda kutafuta, ni sawa na kutoandika. Kwa mradi wa mtu mmoja, anza na faili.

Kazi kubwa iko kwenye kuandika. Ukiandika "tumia namba kamili kwa pesa", umempa amri tu. Mimi ningeandika hivi (bigInteger ni aina ya safu ya namba kamili kubwa, double ni ndugu wa float):

> Pesa: hifadhi kiasi kwa senti, bigInteger. Usitumie float wala double. Sababu: float haishiki 0.1 kwa usahihi, na jumla ya marejesho iliwahi kutofautiana na salio la mwanachama.
>
> Simu: hifadhi kama maandishi, ianze na 255. Sababu: zilipokuwa namba, sifuri ya mwanzo ilipotea.

Sababu ndiyo inayomfaa siku atakapokutana na jambo ambalo hukulitaja. Chukua riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Mwenye amri tupu anaweza kuilazimisha riba yenyewe iwe namba kamili, ukaharibikiwa. Mwenye sababu ataona kwamba kinacholindwa ni kiasi cha pesa: riba inaweza kuwa na desimali, bali matokeo yakadiriwe hadi senti kamili kabla ya kuhifadhiwa.

Usiandike yale ambayo msimbo unayasema wenyewe, kama orodha ya majedwali. Kila mstari hula nafasi kila siku, na faili ikirefuka sana kanuni muhimu zinazama humo. Nywila usiziweke kabisa, wala majina na namba za wanachama. Faili hiyo inaingia Git, panapotunzwa historia ya msimbo, tena maandishi yake hutumwa kwenye seva za mwenye modeli. Na taarifa za wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Jambo linaloniuma zaidi ni maelezo yaliyochakaa. Katika mradi mmoja niliofanya, tulibadili jina la jedwali tukasahau kurekebisha maelezo. Msaidizi akaamini maelezo kuliko msimbo, akaunda jedwali la zamani upya, na kwa siku mbili malipo yakawa yanaingia pasipoangaliwa na mtu. Tangu hapo, badiliko la msimbo na badiliko la maelezo vinaingia Git katika commit moja, yaani rekodi moja ya mabadiliko, na ninayasoma kama ninavyosoma msimbo.

Pia maelezo ni ushauri, hayamfungi. Anaweza kuyasoma na bado akakosea. Kwa pesa za watu, andika na jaribio linalokagua safu zote za kiasi na kufeli likikuta float.

Leo, kabla hujafunga kazi, weka ile mistari miwili kwenye CLAUDE.md. Kesho fungua mazungumzo mapya, mwombe atengeneze jedwali la faini za ucheleweshaji, na usitaje aina ya safu. Akiandika bigInteger mwenyewe, endelea. Akirudi kwenye float, andika /memory uone kama faili yako imo kati ya anazozisoma. Mara nyingi utakuta umeiweka kwenye folda isiyo yake.